Herufi Moja

Nimepaka majina ya mitumbwi kumi na saba pale Kibirizi.
Mmoja unaitwa Msinionee Gere, mwingine Deni la Baba,
na mmoja mwenyewe alitaka uitwe Haraka
kisha akachelewa miezi mitatu kunilipa.
Langu naliweka chini, pembeni, dogo kama punje ya ulezi:
Kisimba.
Mawimbi hulila la kwanza.

Kazi yako? aliniuliza dada wa dirishani, ofisi ya uhamiaji.
Nikasema, msanii.
Akashusha kalamu, akanitazama kucha:
bluu ya juzi, nyekundu ya saluni ya Mwanga.
Unaimba?
Ninachora.
Akaandika: biashara ndogondogo.
Nikatia sahihi
yenye herufi nzuri kuliko fomu nzima.

Kwetu Kalemie kila kitu iko.
Rangi iko, njaa iko, Mungu iko.
Hapa Gungu watoto wakinisikia wanapasuka kwa kucheka,
basi nimejifunza liko, yuko, ziko, tuko,
natembea na ngeli mfukoni kama kitambulisho.
Lakini nikijikwaa kidole gumba
kilio kinatoka bila kibali:
Mama yangu, niko nakufa!

Juzi shemeji alinipigia simu kutoka kule.
Siku hizi unasema kama redio, akaniambia.
Tukanyamaza wote wawili, vocha ikiliwa.

Sasa shida yenyewe ni hii.
Mimi huchora ziwa na jua juu yake.
Kingine chochote nakichora kwa kubahatisha.
Kwetu jua hutoka majini, asubuhi, limelowa,
na bibi yangu alikuwa akilisalimia na upawa mkononi.
Hapa jua huingia majini, jioni,
linakwenda zake kwetu bila kuniaga.
Ziwa ni lilelile, samaki ni yuleyule,
huku dagaa, kule ndagala.
Niliyegeuka ni mimi.

Mteja wa hotelini akasimama mbele ya turubai.
Machweo mazuri haya.
Nikamwambia, ni macheo.
Akacheka. Fundi, hapa Kigoma macheo yako mgongoni kwako,
huko vilimani. Majini ni machweo.
Akaomba nipunguze njano, niongeze zambarau.

Mimi ni mwandika vibao, herufi nazijua kwa uzito.
Kati ya neno lake na neno langu
kuna moja tu, ile w,
na ukiichora kwa brashi nyembamba
ni wimbi.
Wimbi moja, siku nzima ya kulivuka.

Nilikuwa na njaa. Nikaongeza zambarau.

Usiku nikaenda kusafisha brashi ufukweni
nikaikumbuka Lukuga,
mlango mmoja tu ambao ziwa hili linatokea,
na mlango huo uko kwetu.
Rangi ikaelea kidogo karibu na miguu yangu
kama inayouliza njia, ikaondoka.
Sijui maji huchukua miaka mingapi kufika.
Sikuoga.

Picha ya pili, isiyoguswa zambarau,
aliichukua Mama Bukuru kwa kodi ya mwezi wa nane.
Akazunguka nayo sebuleni, msumari mdomoni,
akipima kuta kama anayetafuta pa kumlaza mgeni.
Ukuta wa ziwani akaukataa.
Akaipigilia ukuta wa mashariki,
ule wa upande wa Kasulu, juu ya redio.
Si umesema linatoka? Basi litokee hapo.

Nikakaa kwenye kochi lake lenye vitambaa,
nikinuka tapentaini.
Nikalitazama, nalo likapanda
mahali ambapo jua la watu wote hupandia.

Jua iko sawa? akauliza.
Hakusema liko. Labda alinitania,
labda ulimi nao ulikuwa umechoka kusimama mlangoni.
Nikajibu, iko.
Akamimina chai, akajaza hadi kwenye sahani.
Na kodi ya mwezi wa tisa, akasema,
nayo iko.